Kanzu Niliyoifumua Makote

Harufu ya salfa haitoki kirahisi. Ikipulizwa kwenye mikorosho alfajiri, adhuhuri utaikuta kwenye nywele za watu, kwenye mikeka, hata kwenye maji ya kunywa. Ghala alilolikodi mjomba wangu Saidi pale Mkomaindo, Masasi, lilikuwa limetunza mifuko ya salfa kwa miaka mingi kabla yeye hajaligeuza kuwa ukumbi wa video. Alilifagia, akaisugua sakafu kwa sabuni, akapaka chokaa kuta zote nne, lakini wapi! Kila aliyeingia alipiga chafya kwanza ndipo akatafuta pa kukaa. Watu wa rika langu wakiinusa salfa hukumbuka kazi ya shamba na macho kuwasha. Mimi humkumbuka malkia mmoja ambaye sikuwahi kulijua jina lake, ameketi juu ya mto uliotariziwa kwa zari, mikono ya nguo yake imemwagika pande zote mbili kama maji yaliyopasuliwa na jiwe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Nilikuwa na miaka kumi, niko darasa la nne, na nilikuwa nimezaliwa katika kipindi cha uhaba, wakati doti moja ya kanga iliyopatikana kwa kupanga foleni iligawanywa, mama akachukua upande mmoja na jirani upande wa pili. Mimi mwenyewe nilibebwa mgongoni kwa upande huo mmoja mpaka ukawa mwepesi kama chujio. Kisha, kama mtu aliyefungua mlango kwa teke, vitu vikarudi. Madukani Masasi yakasimama majora ya vitambaa vya rangi ambazo sikuwahi kuziona ila kwenye ndege. Siku ya gulio Nanganga, mitumba ilimwagwa juu ya maturubai na akina mama wakaizunguka, mmoja ameshika mguu wa suruali, mwingine ameshika mguu wa pili, hakuna anayetaka kuachia. Mjomba Saidi naye alirudi kutoka Dar es Salaam na televisheni, deki ya video, jenereta iliyokohoa kama mzee wa tumbaku, na kanda mbili. Mbili tu. Moja ilikuwa ya ngumi na bunduki, hiyo ikawa ya wanaume. Nyingine ilikuwa ya Kihindi, ya wafalme wa zamani, na hiyo ilionyeshwa kila Jumamosi mchana kwa akina mama na watoto.

Nadhani niliitazama picha ile mara ishirini. Nilikuwa na ruhusa ya kuingia bure kwa sababu mimi ndiye niliyefagia ghala asubuhi. Kihindi hakuna aliyekijua, hivyo mjomba alisimama kando ya televisheni na fimbo, akatueleza kwa kubahatisha, na maelezo yake yalibadilika wiki hadi wiki. Wiki hii yule mzee mwenye kilemba alikuwa baba wa malkia, wiki ijayo akawa mdai wake. Mimi sikujali. Tangu Jumamosi ya tatu nilikuwa nimeacha kufuata hadithi, nikawa nafuata nguo. Nilitaka kujua kwa nini vazi la malkia limembana kifuani halafu likatanuka kuanzia kiunoni kama ua la boga, na mshono uko wapi. Nilitaka kujua ile suruali yake ya ndani ilikunjwaje mpaka ikafanya marinda juu ya vifundo vya miguu. Mjomba alipobonyeza kitufe cha kusimamisha, picha iliganda, ikatetemeka, mistari myeupe ikaikata katikati, nami nikajongea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

“Mjomba, simamisha hapo hapo!” nilimwomba siku moja, malkia akiwa katikati ya kulia. Ukumbi mzima ukanguruma.

“Somoe,” mjomba alisema, “wewe unatazama picha au unampima nguo?”

Watu wakacheka, lakini kweli nilikuwa nampima. Nilikuwa na kipande cha mkaa na daftari la hesabu, na kurasa za nyuma za daftari lile zilijaa mikono ya nguo.

Aliyenichukulia kwa uzito ni mama mkubwa Zuhura, dada yake mama, ambaye alishona kwa cherehani ya miguu kwenye baraza ya duka karibu na stendi. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, pini daima ziko mdomoni, na pengine ndiyo sababu ya ukavu ule. Nilipomwonyesha michoro yangu aliitazama kwa muda, akatoa pini, akasema, “Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hii umeichora kwa nje. Nguo husema kweli upande wa ndani.” Akanitupia gauni la mtumba lililochanika, akanipa na wembe, akaniambia nilifumue lote na kisha nimpangie vipande chini kama vilivyokuwa kabla ya kushonwa. Nilikaa nalo siku tatu. Nilipomaliza niliona jambo ambalo sijalisahau: ule mkono wa nguo niliodhani ni bomba, ukiulaza chini una kichwa kama kilima. Basi kuanzia hapo nikawa mfumuaji. Kabla sijajua kushona hata kifungo, nilikuwa nimefumua magauni, makoti, na suruali moja ya polisi wa nchi nisiyoijua. Wembe uliingia mkononi mwangu kama kijiko.

Mwaka huo huo, mwanzoni mwa kipupwe, bibi alishuka kutoka Makote. Bibi mzaa mama aliishi huko juu, upande wa Newala, kwenye mikorosho aliyoachiwa na marehemu babu, na alikuja Masasi kwa ajili ya macho. La kushoto lilikwishaingiwa na mtoto wa jicho, jeupe kama ute wa yai. La kulia lilikuwa bado linaona, ila alisema limeanza kuota ukungu. Hospitali walimwambia asubiri madaktari wa macho ambao huja kwa msimu. Nilipompa shikamoo aliitikia, “Marahaba, mama yangu,” kwa sababu mimi nilipewa jina la mama yake mzazi, Somoe, na tangu nilipozaliwa hakuwahi kuniita kitu kingine. Akiniagiza maji alisema, “Mama, naomba maji.” Akinigombeza alisema, “Mama, unanikosea.” Watoto wenzangu waliona ni kichekesho, mimi nikaona ni cheo.

Jumamosi mjomba alimpeleka mama yake ghalani, akamweka mbele kabisa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo. Bibi alipiga chafya zake mbili, akatulia, akageuza uso kidogo ili jicho zima lipate nafasi. Picha ikafika katikati. Kisha malkia akatoka uani na wajakazi wake, akiwa na lile vazi lake na marinda miguuni, na bibi akanyoosha kidole.

“Hiyo ni nguo ya mama.”

Ghala likaangua kicheko. Mjomba mwenyewe akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. “Mama, kwani bibi yetu alikuwa malkia wa Bara Hindi?”

“Mama yangu alikuwa Somoe wa hapa hapa Masasi,” bibi alijibu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. “Babu yangu alikuwa mfanyabiashara, akishuka Lindi kwa miguu na mizigo ya nta, akirudi na bafta na shanga. Mama aliolewa na kanzu ya kike, na chini yake suruali ya marinda. Hayo marinda siyaoni leo kwa mara ya kwanza. Kanzu ninayo sandukuni Makote. Sasa mnacheka nini?”

Mjomba akaokota fimbo yake. Mimi nilihisi kama mtu aliyekuwa akichungulia nyumba ya watu dirishani, halafu akaambiwa, ingia, ni kwenu. Nilikuwa nimeamini kwamba nguo za namna ile huzaliwa ndani ya kanda, mbali, kwa watu wasiofagia. Kumbe moja ilikuwa imekunjwa mahali ninapopajua, na mwenye nguo ana jina langu.

Shule zilipofungwa nilipelekwa Makote ili niwe macho ya bibi. Tulipanda lori la magunia, na tulipoanza kuupanda mlima baridi ilishuka, ukungu ukatufunika hata nisiuone mkono wa bibi uliokuwa umenishika. Kule juu asubuhi zote zilikuwa hivyo: ukungu, sauti za mashine za kupulizia salfa zikilia mashambani bila kuonekana, na moshi wa jikoni usiojua uelekee wapi. Siku ya pili, baada ya chai, bibi alitandika mkeka mpya, akanawa mikono, akanitaka na mimi ninawe, na kule maji si kitu cha kumwagwa ovyo, hivyo nikajua jambo hili ni zito. Akafungua sanduku la mbao. Ndani ya kanga ya kisutu, pamoja na vipande vya udi, ilikuwamo kanzu.

Haikuwa na zari. Lazima niseme kweli, sekunde ya kwanza nilivunjika moyo. Ilikuwa bafta iliyokuwa nyeupe zamani, sasa imefifia na kuwa na rangi ya uji wa mtama, imetariziwa kifuani kwa uzi mwekundu, mistari miembamba iliyoshikana kama meno ya kitana. Suruali ya marinda haikuwapo. Ililiwa na panya, bibi alisema, mwaka wa mvua nyingi. Lakini nilipoinama niliona mishono. Ilikuwa midogo kiasi kwamba nilidhani kwanza ni ya mashine, na bibi akaniambia hapana, mama alishona kwa mkono, usichana wake wote aliukalisha kwenye kanzu hii. Akanionyesha kwa vidole sehemu zake na majina yake: badani, kile kipande kikubwa cha mbele na nyuma, taharizi, vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana, na kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa chini ya kwapa ili mkono uinuke bila kuivuta nguo. “Itazame,” aliniambia, “utakavyo. Usiivae. Utaivaa siku yako ikifika.”

Niliitazama siku nne. Niliigeuza ndani nje, na pale ndipo shetani aliponipata, kwa sababu kule ndani hakukuwa na ncha hata moja iliyo wazi. Kila mshono ulikuwa umekunjwa na kufungwa juu yake mwenyewe. Kikwapa ndicho kilichonitesa zaidi. Kipande cha pembe nne kinawezaje kuingia kwenye pembe ya mkono na ubavu, na pembe zake zisionekane? Nilichora, nikafuta. Nilikunja karatasi ya daftari, ikakataa. Siku ya tano bibi alikwenda shamba kusimamia upulizaji, akaniacha na unga wa kuchekecha. Nilichekecha. Kisha nikanawa mikono, nikatandika mkeka, nikachukua wembe. Nilijiambia nitafumua kwapa moja tu, nione, nirudishe kabla ya adhuhuri. Mfumuaji hafikirii kwamba anaharibu. Anafikiri anauliza swali.

Nilifumua la kushoto, na swali likajibiwa, na jibu likaleta swali jingine, maana kile kikwapa hakikuwa cha bafta. Kilikuwa cha kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi, kimefunikwa nje na ndani kwa vipande vyembamba vya bafta vilivyoungwaungwa ili kisionekane. Nilishangaa, nikafumua la kulia nilinganishe. La kulia lilikuwa bafta. Basi nikafuata taharizi, nikafuata mkono, na jua likapanda bila mimi kujua. Nilipoanza kurudisha, sindano ilipopita, kitambaa kilifunguka. Nilijaribu pembeni, kikafunguka tena, bila hata sauti, kama karatasi iliyolowa. Kanzu ile ilikuwa imeshikiliwa na mishono yake tu. Bafta yenyewe ilikwishachoka zamani, labda kabla mama yangu hajazaliwa, na mimi nilikuwa nimeondoa kitu cha pekee kilichokuwa kikiisimamisha.

Bibi alinikuta nimekaa katikati ya vipande, nalia, sindano mkononi. Hakuona mara moja. Alidhani nimejichoma. Aliinama, akapapasa mkeka, akaokota mkono mmoja wa kanzu, akauzungusha vidoleni akitafuta pale ulipoungana na mwili wake, asipaone. Hakupiga kelele, hakunigusa. Aliketi juu ya kigoda na kanga yake ikamwangukia mabegani, akakaa hivyo mpaka chakula cha mchana kikapita. Jirani alipobisha hodi akamjibu kwa Kimakua neno moja, na yule akaondoka.

Siku mbili hakuniita mama. Aliniita Somoe, na niliposikia jina langu wazi namna ile nilitamani anichape. Siku ya tatu, asubuhi, alikuja nilikokuwa nafagia, akakaa kizingitini.

“Wahenga walisema majuto ni mjukuu,” alisema. “Wangu mimi alikuja na wembe.” Akaivuta kanga mabegani. “Nimefikiri sana. Nikaona, kanzu ni ya Somoe. Mwenye nguo kaifumua nguo yake. Nimgombeze nani? Lakini niambie, mama. Ulitafuta nini mule ndani?”

Nikamweleza, kwa kigugumizi, habari za kikwapa. Nilipofika kwenye kaniki alinikatiza.

“Kaniki gani?”

Nilimletea. Aliushika ule mraba mdogo mweusi, akausogeza kwenye jicho lake zima, akaunusa, na taratibu uso wake ukafunguka. Maisha yake yote, alisema, mama yake alijisifu kwamba yule babu mfanyabiashara alirudi kutoka Lindi na bafta tele, ikashonwa kanzu na ikabaki, na wanawake wa mtaa mzima waliionea wivu kanzu ile. “Kumbe haikutosha!” bibi alisema. “Ilipungua kwapani, akatia kaniki, akanyamaza nayo mpaka kaburini. Ndiyo maana alikuwa akisalimia kwa kuinua mkono wa kulia tu, wa kushoto kaubana ubavuni. Sisi tulidhani ni maringo.” Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na sikujua, na hata leo sijui, ni machozi yapi yalikuwa ya kicheko.

Nilirudi Masasi na vipande vyote ndani ya ile kanga ya kisutu. Mama alipojua, nilichapwa kwa niaba ya ukoo mzima. Mama mkubwa Zuhura hakuniuliza kitu. Alivipanga vipande juu ya magazeti, akavizungushia kalamu kimoja kimoja, akakata, akanikabidhi. “Nguo umeiua,” alisema, “ila mifupa umeileta yote. Sasa utaishona wewe. Si kwa cherehani.” Alinipatia bafta mpya dukani, sindano na subana ya kukinga kidole, na kila Jumapili nikawa nakaa miguuni pake kwenye baraza huku wenzangu wakirukaruka kamba. Nilishona nikafumuliwa, nikashona nikafumuliwa. Vidole vyangu vilitoboka mpaka mwalimu akauliza kama nyumbani tuna nungunungu. Tarizi ya kifuani peke yake ilichukua msimu wote wa korosho.

Ila nilikuwa bado mtoto, na picha ya wafalme ilikuwa bado inaonyeshwa. Nilipofika kwenye mikono, nikaona mikono ya bibi Somoe ni myembamba, ya kawaida mno, inaishia kwenye kiwiko cha mkono bila neno. Mama mkubwa alikuwa amesafiri kwa msiba. Nikakata mikono ya malkia: mipana, yenye kumwagika, iliyokusanywa kifundoni kwa utepe. Nilipoitundika ukutani kanzu ile niliona ni nzuri kuliko zote duniani, na nilijiambia hata marehemu angeipenda.

Mimi, mama na mama mkubwa tuliipeleka Makote siku chache kabla ya Idi, wakati wa masika, barabara ikiwa tope na matangi ya mvua yamejaa hata bibi akatukaribisha kwa maji ya kuoga bila kupima. Jicho lake la kulia nalo lilikuwa limeshafunga. Aliona mwanga na giza tu. Nilimwekea kanzu mapajani, nikachuchumaa mbele yake. Alianza shingoni. Vidole vyake vilishuka kwenye tarizi, mstari hadi mstari, vikaguna pale nilipokosea, vikaendelea. Vikapita ubavuni kwenye taharizi. Vikapanda begani, vikaanza kuufuata mkono, vikafuata, vikafuata, na nguo haikwisha. Akaikusanya ile bafta yote kwenye ngumi.

“Huyu ni nani?” aliuliza.

“Ni kanzu ya mama, bibi.”

“Hapana. Mpaka begani ni mama. Kuanzia hapa ni yule mwanamke wa kwa Saidi.”

Mama mkubwa aliniangalia, pini mdomoni. Nilitaka kujitetea, kwamba ni nzuri zaidi, na bibi akawa kama amenisikia. “Nzuri sijakataa,” alisema. “Siku nyingine mshonee huyo malkia ya kwake. Lakini mama yangu alitwanga, akachota maji, akabeba watoto saba. Mikono hii angeitia kwenye chungu. Ukimvika nguo ambayo hakuivaa, umemshona mtu mwingine, na mimi nitakaa nimeshika mtu nisiyemjua.”

Nilifumua mikono ile pale pale, safari hii kwa ruhusa. Kulikuwa na kitambaa cha kutosha kukata myembamba. Nilishona siku mbili kwenye ukumbi wake, yeye ameketi kando, mara kwa mara akinyoosha mkono na kupitisha ukucha juu ya mshono akihesabu, na aliponiambia rudia, nilirudia. Nilipofika kwenye kwapa la kushoto nilimwuliza nitie bafta au kaniki. Akachana pembe ya kaniki yake kuukuu ya shambani, akanipa.

Asubuhi ya Idi aliivaa. Alitoka nje, akasimama uani wanawake wakija kumpa mkono wa Idi, na kila mmoja alimnyooshea wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umebanwa ubavuni. Nilimwona mama akimtazama mama yake kwa mshangao, kama aliyemwona marehemu bibi yake, kisha akaondoka upesi kwenda jikoni kupika pilau ambayo ilikwishaiva.

Madaktari wa macho walikuja mwaka uliofuata, bibi akatolewa mtoto wa jicho la kulia, na kitu cha kwanza alichotaka kuletewa ni kanzu. Aliigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. “Mama yangu hakushona upogo hivi,” alisema. “Na huu uzi ni wa waridi, si mwekundu. Mlinificha!” Aliivaa Idi zote zilizobaki katika maisha yake, nayo imebaki kwangu pamoja na vipande vya ile ya kwanza, ambavyo sijathubutu kuvigusa kwa sindano. Siku yangu ilipofika niliolewa nayo, waridi na upogo wake.

Ghala la mjomba lilikufa kifo cha taratibu, televisheni zilipoingia majumbani, na leo kila mtoto Mkomaindo ana malkia mia kwenye simu ya mama yake. Mimi nashona mavazi ya kale: ya maigizo ya shule, ya maharusi wanaotaka kuonekana kama bibi zao, na mara chache ya watu wanaojaribu kutengeneza filamu. Wateja wangu huja na picha, wanaitanua kwa vidole viwili mpaka wanaona kila uzi, jambo ambalo mimi ningelitolea meno yangu ya mbele. Siwaonei wivu, wala siwabezi. Ila nikiwauliza nguo hiyo ilikuwa ya nani, alifanya kazi gani, aliketije, wananitazama kama nimeuliza habari za jirani yao. Kidole gumba kinapita, picha nyingine inakuja. Sisi tulikuwa na kanda mbili, na moja ilikuwa haituhusu, basi ile iliyobaki tuliitafuna mpaka mfupa.

Juzi juzi vijana wa filamu kutoka Mtwara waliniagiza mavazi ya enzi za misafara. Mwongozaji wao, kijana mwenye heshima, aliniomba niweke zipu mgongoni ili waigizaji wavae haraka. “Mama, haitaonekana,” alisema. Nikakataa. Tukabishana karibu tuachane. Mwishowe mwigizaji wao, binti wa chuo, alikubali kuvaa kama nilivyotaka, na ilimchukua muda mrefu, akilalamika kila hatua: kanzu inabana mabegani, marinda yanashika mguu, kitambaa cha ukaya kinateleza kichwani. Filamu yenyewe haikumalizika. Naambiwa mfadhili alijitoa. Lakini mimi nilikuwapo binti yule alipotoka chumba cha kuvalia. Alikuwa ameingia akitembea kwa mapana, simu mkononi. Alitoka kwa hatua fupi, mabega yameshuka, shingo imesimama, ameshika ncha ya ukaya kwa vidole viwili, na wenzake waliokuwa wakipiga soga wakageuka, kisha mmoja wao, bila kufikiri, akamwamkia shikamoo.